Oda ya Chumba Namba Tatu

Wateja walimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo aliyoishona yeye ingechakaa, ingepauka, ingeishia kuwa tambara la kudekia, na pindo lake lingali limeshika. Alikodi chumba cha tatu kati ya vyumba vinne vya biashara vilivyokuwa chini ya paa moja la mabati. Miaka kumi na tisa alikuwa humo na cherehani yake ya miguu, na meza ya kukatia iliyopigwa chaki mpaka mbao zikasahau rangi yao.

Aliishia darasa la nne. Kiingereza alichokuwa nacho ni kile alichookota kazini: zipu, saizi, lastiki, oda. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda. Mteja wa nguo moja ni mteja. Lakini oda ni kazi ya mwezi mzima.

Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amepeleka sketi ya mfano kwenye shule moja ya bweni. Mwalimu wa stoo akaigeuza ndani nje, akavuta mshono kwa nguvu, mshono usiachie. "Kazi safi, mama," akasema. Akampa na saizi za wanafunzi. "Nenda usubiri oda." Mama Pindo akaenda, akasubiri.

Asubuhi moja mtu wa shati jeupe, mkoba kwapani, akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye mpangaji wa chumba namba tatu?"

"Ndiye mimi. Karibu, mwanangu."

"Nina oda yako. Weka sahihi hapa."

Mama Pindo alitia sahihi kwa furaha. Akamfutia mgeni kiti kwa kanga yake, akamtafutia soda baridi duka la pili. Yule bwana akainywa huku anamtazama kwa jicho la kutoelewa.

"Mama, karatasi hizi nazisambaza mwaka wa saba," akasema. "Kuna walionifungulia mbwa. Soda ni leo."

Mama Pindo akacheka mpaka akashika mbavu. Akadhani anataniwa. Mgeni akaaga, na katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyemuuliza mwenzake la maana.

Karatasi ilikuwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na muhuri mwekundu chini. Juu palikuwa na neno kubwa. Akaliunga herufi kwa herufi: o, r, d, e, r. Ndilo lenyewe! Akavuta jora la kitambaa cha bluu, akalitandika mezani, akashika mkasi. Kufikia adhuhuri alikuwa amekata sketi ishirini.

Ndipo fundi viatu, jirani yake wa chumba cha nne, alipoingia na karatasi mkononi. Ilikuwa na muhuri mwekundu vilevile.

"Dada, na wewe umeletewa?"

Mama Pindo akaduwaa. "Ebo! Wewe umeanza lini kushona sketi?"

"Sketi gani?"

"Za shule. Si hiyo oda?"

"Dada yangu, hii oda ni ya korti! Korti inavaa sketi?" Akavuta kigoda, akakaa. "Si unajua watoto wa marehemu mwenye nyumba wanavyogombana? Basi tazama, jina la marehemu hili hapa. Hapa wametutaja wapangaji. Tumefukuzwa. Mimi sisubiri nivunjiwe mlango, leo hii nahama."

Mama Pindo alitazama vitambaa mezani, akatazama karatasi, akatazama vitambaa tena. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora.

Alikwenda nyumbani na karatasi mkononi. Mumewe, askari mstaafu, akaipokea karatasi akiwa amesimama wima.

"Jeshini, oda hujibiwa kwa kisigino," akasema. "Ukishaipata, hakuna mjadala. Tukabebe cherehani."

Binti yao, mhudumu wa hoteli, alikuwa zamu ya mchana. Mama Pindo akampigia simu.

"Oda? Kwetu ni chakula alichoagiza mteja, mama. Subiri nitazame kamusi." Akarudi simuni. "Ziko nyingi. Amri. Agizo la bidhaa. Mpangilio. Utulivu. Shirika la watawa..."

"Watawa nao wameingiaje?"

"Sijui, mama, nasoma tu. Nenda kaulize wenyewe walioiandika."

Lakini baba alikwishafunga kamba za viatu. Jioni hiyo waliipakia cherehani kwenye mkokoteni, meza juu yake, sketi ishirini ndani ya gunia. Fundi viatu alikuwa mbele yao. Chumba chake kilibaki kitupu.

Kesho yake Mama Pindo alidamka kwenda mahakamani. Karani wa dirisha la pili, mama wa makamo mwenye miwani, akaipitia karatasi juu chini.

"Kila kitu kiko in oda," akasema.

"Kiko ndani ya oda gani tena, mwenzangu? Ya kwanza bado sijaielewa."

Karani akavua miwani. "Namaanisha karatasi iko sawa. Hii ni amri ya zuio. Hakuna mrithi mwenye ruhusa ya kuuza jengo wala kumtoa mpangaji mpaka kesi iishe."

"Kwa hiyo natoka?"

"Hutoki."

"Na hiyo amri?"

"Wameamriwa wao. Wewe umepewa nakala ujue tu."

"Kesi itaisha lini?"

"Hilo sijui. Ikiisha itatoka oda nyingine."

"Ya kukaa au ya kutoka?"

"Mama, ningekuwa najua hilo ningekuwa hakimu."

Akatoka nje hajui acheke au alie. Siku hiyohiyo mkokoteni ulirudi ulikotoka. Mumewe ndiye aliyesukuma. Mara moja tu alisema kwamba jeshini nako kulikuwa na oda za kurudi nyuma. Fundi viatu alipopigiwa simu alisema ameshapanga kwingine na kibao chake kimeshapigwa misumari.

Shule haikuwa imeamua lolote. Mama Pindo alizimalizia zile sketi moja moja, akazitundika mlangoni. Wakawa wanazichukua wanawake waliozitaka za kuvalia kazini, huyu akipunguziwa kiuno, yule akiongezewa.

Lililomsumbua zaidi ni wateja wa jirani. Walifika na viatu vilivyobanduka soli, wakakuta kufuli, wakaja kwake.

"Fundi kahama kwa nini?"

"Ililetwa karatasi."

"Ikasema ahame?"

"Hapana. Ilisema asihamishwe."

Mteja alimtazama Mama Pindo usoni, akingoja amalizie. Naye akamwonyesha njia ya kwenda kwa fundi.