Fundi wa Misunkumilo Anayesaga Mahindi Yake Kwanza

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, Enoka Luhende anafungua milango yote miwili ya chumba cha mashine ya kusaga, wa mbele na wa nyuma, na kuiegemeza kwa mawe isijifunge. Akina mama waliokaa nje na madebe yao wananyanyua shingo.

Anachukua sado moja, ndoo ndogo ya mahindi aliyotoka nayo nyumbani, anaiinua juu.

"Mnaona?"

"Tunaona, Baba Agape. Mwaga, jua linatoka!"

Anazungusha hendeli. Injini ya dizeli inakohoa, inashika. Anamwaga mahindi yake mpaka yanaisha, lakini unga unaoshuka kwenye mfuko mrefu wa kitambaa ni kidogo sana. Mwingine wote umenasa humo ndani. Ndipo anaita: "Haya, nani anafuata?"

Anayesaga nafaka anaijua habari hii. Mashine ikilala tupu, wa kwanza asubuhi ndiye anayeilisha. Unga wake unaganda kwenye kuta, kwenye bomba, kwenye mfuko, naye anarudi nyumbani amepungukiwa. Ndiyo maana zamani hapa Misunkumilo watu waliwahi kufika, kisha wakabaki wanasukumana: "Tangulia wewe." "Mimi? Tangulia wewe uliyeamka mapema!"

Jioni fundi hukung'uta mfuko, na unga unaotoka ni wake. Ni desturi ya mashine zote. Hakuna anayeuita wizi.

Enoka, mwenye miaka 43, ameendesha mashine hii kwa miaka minane kwa mshahara ambao sasa ni shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi. Unga wa jioni ulimsaidia sana kulisha nyumba yenye watoto watano. Mwaka jana, miezi ya njaa, alianza kumwona mama mmoja mjane akitangulia kila mara, kwa sababu alikuwa anawahi kibarua cha kupalilia. Alikuwa anakuja na sado moja tu. Mashine ilimlia unga wake.

"Nikawa nakwenda nyumbani na unga wake," anasema Enoka. "Nikiketi kula, nakumbuka Neno la Mungu linasema mtendee mwenzio unavyotaka utendewe. Nikajiuliza, hili Neno ni la kanisani tu, au linaingia na mashineni?"

Akaona dawa ni rahisi. Atasaga mahindi yake kwanza, yeye ndiye ailishe mashine. Jioni akikung'uta mfuko, anachukua kilicho chake. Hakuna anayepunjika.

Shida ilikuwa namna alivyofanya. Enoka alikuwa amesoma pia kwamba mtu akitoa sadaka asipige tarumbeta mbele ya watu. Akalishika hilo kama lilivyo. Akawa anafika kabla ya wateja, anafunga mlango, anaomba, anawasha injini, anamwaga mahindi yake. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe, Prisila.

Basi fikiria wewe uko nje. Mashine inanguruma, mlango umefungwa, na hakuna mteja aliyeingia.

Aliyechungulia kwenye ufa ni Ng'washi, mama wa Kisukuma anayeishi Kakese, mwenye ng'ombe na mashamba, ambaye huleta nafaka kwa mkokoteni. Alimwona Enoka ameweka mikono juu ya mashine, midomo inacheza, kisha anamwaga mahindi kutoka kifuko kidogo.

"Ningesema nini?" anauliza Ng'washi leo, bila aibu yoyote. "Asubuhi anamwaga kidogo gizani, jioni anatoka na unga. Kwetu mtu wa hivyo tunamjua. Amelisha mashine dawa, inavuta unga wa watu."

Habari ikatembea upesi kuliko mkokoteni wake. Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1996 mashine ilikuwa inasaga madebe arobaini kwa siku. Kufika katikati ya Februari hayakuzidi kumi na mbili. Wengine walibeba nafaka kichwani hadi mashine za Kashaulili, mwendo wote huo, kumkwepa Enoka. Watoto wake wakaitwa watoto wa mchawi.

Mwenye mashine, Mustapha, mfanyabiashara wa Kashaulili, alikuja mwenyewe.

"Mimi nakufahamu, Enoka, mambo ya dawa sikuyaamini hata siku moja," Mustapha anakumbuka alivyomwambia. "Lakini dizeli hainunuliwi kwa imani, ndugu yangu. Acha huo mtindo wako. Wa kwanza apunjike kama siku zote, watu watulie. Mwezi wa tatu ukiisha kama hawajarudi, nitatafuta fundi mwingine."

Basi yalikuwa mawili. Aache, abaki na kazi. Au aendelee, akose kazi na jina pia.

Enoka anasema siku tatu hakula vizuri. Prisila naye alichoka.

"Nilimwambia, Baba Agape, yule yule aliyekukataza tarumbeta, ukurasa wa nyuma yake tu anasema taa haifunikwi kwa debe," anasema Prisila huku akipepeta mchele uani. "Wewe umesoma ukurasa mmoja ukafunga kitabu. Tarumbeta imekatazwa. Mlango nani kaukataza?"

Enoka anacheka akisikia hayo. "Huyu mama alinipiga hapo. Nilidhani namtii Mungu, kumbe pia nilikuwa naogopa kuchekwa na mafundi wenzangu. Mlango ulinifaa."

Asubuhi iliyofuata akafungua milango yote miwili. Akamtumia Ng'washi ujumbe aje na debe lake, alijaze mwenyewe, asimamie mwenyewe.

Ng'washi alikuja, na watu nyuma yake kama kwenye ngoma.

"Toka nje," alimwambia Enoka. "Simama pale. Mikono niione."

Enoka akasimama juani, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, hata watoto wakacheka. Kijana aliyetumwa na Mustapha akawasha injini. Ng'washi akachungulia ndani ya mashine, akanusa, akayachambua mahindi ya Enoka punje kwa punje, kisha akayamwaga. Akafuatisha debe lake. Mfuko akaukung'uta mwenyewe mpaka akakohoa, kope nyeupe. Akaujaza unga kwenye debe lile lile, akaushindilia. Ukafurika.

"Haya, dawa iko wapi?" mtu akauliza.

"Labda imelala," akasema Ng'washi, na uwanja mzima ukacheka.

Hakuomba radhi. Enoka naye hakudai. "Angeomba radhi ya nini? Mimi ndiye niliyefunga mlango," anasema.

Sasa ni katikati ya Machi. Madebe yamefika ishirini na tano. Wako ambao hawajarudi, na wengine wanasema wazi hawatarudi. Mustapha hajabadilisha neno lake. Sado inayotoka kwenye kihenge chake cha mahindi kila asubuhi inarudi jioni ikiwa imechanganyika na mihogo na mtama, na Prisila anasema ugali wake sasa una rangi ya udongo. Wanakula hivyo hivyo.

Kuacha, Enoka anasema, hataacha. Anatumaini mavuno ya mwezi wa tano yatawarudisha watu, maana hapo kila nyumba itakuwa na cha kusaga. Akiondolewa kabla ya hapo, ana ekari mbili pembeni mwa Misunkumilo, atalima.

"Ila fundi atakayekuja nitamwomba kitu kimoja," anasema, akifunga mfuko mdomoni mwa mashine. "Aanze na mahindi yake. Asipokuwa nayo, nitamletea yangu."

Kwenye foleni, Ng'washi amesikia.

"Fundi gani tena anakuja?" anadakia, akilisogeza debe lake mbele kwa mguu. "Huyo tutaanza kumkagua upya? Mwambieni Mustapha mimi sina muda huo. Huyu tumeshamkagua. Saga, Baba Agape."