Timu Iliyopangwa kwa Beseni

Naweka dau viatu vyangu, vyote viwili na kamba zake, kwamba hakuna atakayeamini hili. Kuna timu ya mpira, timu ya ligi yenye basi na mhuri wake, ambayo kikosi chake cha mechi ya mwisho ya msimu kilipangwa na mfua jezi. Sisemi alishauri. Alikabidhiwa filimbi, akakaa kwenye kiti cha kocha, akaandika majina kumi na moja kwa mkono wake, na mawili akayakosea herufi. Anayebisha aniletee viatu vyake. Navaa namba arobaini na mbili.

Mfua jezi huyo walimwita Povu, kwa ajili ya sabuni na kwa ajili ya mdomo. Shule aliiacha darasa la tano, akidai walimu walikuwa wanamchelewesha. Miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa chini ya jukwaa, kwenye chumba kilichozama nusu ardhini, chenye bomba moja, nyaya nne za kuanikia na dirisha lililokaa sawasawa na majani ya uwanja. Mechi ikichezwa, yeye aliiona miguu tu, kuanzia magoti kushuka. Akasema hiyo inatosha, sura za wachezaji zinapoteza watu muda.

Alikuwa na mabeseni matatu. La bluu la kuloweka, jekundu la sabuni, jeupe la kusuuza. Na alikuwa na elimu yake.

"Jezi haijui kudanganya," aliwaambia wachezaji wakija kuchukua soksi. "Kocha unamdanganya, mke unamdanganya, mimi hunidanganyi. Nikikuloweka nakujua. Wewe winga, jana ulikimbia dakika ishirini, zilizobaki ulikuwa unatalii."

Walicheka, maana mara nyingi alipatia. Na kicheko kilikuwa kimeadimika pale. Timu ilikuwa imebakiza mechi moja na iko pembeni kabisa mwa shimo. Sare ingewaokoa. Wakifungwa, wanashuka daraja.

Tajiri, mwenye timu, alikuwa mtu wa malori. Timu aliinunua kama mtu anavyonunua lori la mtumba bila kufungua boneti, halafu likizima anampiga kofi dereva. Ndani ya misimu miwili alifukuza makocha watano. Mmoja alifukuzwa kwa kufungwa, mwingine kwa kutoa sare, na mmoja kwa kushinda bila kumpanga mkwe wa Tajiri, aliyevaa namba tisa na aliyejulikana kwa jina hilohilo, Mkwe. Wa sita alikuwa bwana aliyekuwa akimfanyisha Tajiri mazoezi ya kupunguza tumbo. Tumbo lenyewe halikupungua, lakini bwana akapewa timu. Huyo aliwapandisha wachezaji ngazi za jukwaa asubuhi na jioni kwa wiki nane. Mipira ilikaa kwenye neti, stoo kwa Povu, ikitazama watu wanavyohema. Mwisho wa wiki nane walikuwa na mapaja kama magogo, na pasi ya hatua tano ilikuwa haifiki.

Na Tajiri alishasema, mbele ya wachezaji wote: "Mkishuka, nafunga geti. Malori yangu yanalala barabarani halafu ninyi mmelalia uwanja."

Povu alilisikia hilo akiwa ameshika ndoo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, watoto wawili shuleni, mama mkwe chumba cha nyuma, na mikono inayojua kitu kimoja. Tangu siku hiyo alitania zaidi kuliko kawaida. Wanaomfahamu walijua hiyo ni dalili mbaya.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, bwana wa tumbo alifukuzwa saa nne asubuhi. Saa tano wachezaji walikuwa wamejazana chumba cha kufulia, hawana wa kuwaambia wafanye nini, na Povu akaona jukwaa ni lake.

"Nipeni mimi hii timu," alisema, akikamua bukta. "Sihitaji ubao wala filimbi. Naipanga kwa beseni. Jezi inayorudi na matope, mwenyewe anacheza. Inayorudi safi, mwenyewe anakaa nje. Hesabu imeisha. Mmefundishwa na watu sita wenye vyeti mkafungwa, mimi mwenye sabuni nitashindwa nini?"

"Rudia," sauti ilisema mlangoni.

Ilikuwa ya Tajiri. Povu akarudia, taratibu, akiwa ameikumbatia ile bukta na maji yakimtiririka miguuni. Alipomaliza Tajiri alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia hotuba.

"Hii ndiyo akili ninayoitafuta," alisema. "Jumamosi unapanga wewe."

Povu alicheka. Alicheka peke yake, mpaka alipotazama nyuso za wachezaji akaacha.

"Bosi, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Ila masharti mawili. Mkwe wangu anaanza na anamaliza. Na simu yako iwe wazi."

Jioni alifika nyumbani akakaa mezani bila kuvua kofia. Mkewe alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, naye ndiyo kwanza amerudi, anakunja aproni.

"Mama watoto, nimepewa timu."

"Timu gani?"

"Timu. Yote. Ya Jumamosi."

Alimtazama kama anavyotazama mchele wenye mawe. "Kwa hiyo nani atafua?"

Povu akamweleza elimu ya mabeseni. Hakuwahi kumweleza yote kwa mpigo, na akiisikia kutoka mdomoni mwake mwenyewe, jikoni, ilimpa moyo kidogo. Akaanza hata kula. Akasema mtu wa kwanza kutoka ni namba tano, beki wa kati, mtu mzima wa miaka thelathini na nne waliyemwita Kimya.

"Jezi yake ni aibu. Misimu miwili sijawahi kuikamua tope. Inarudi inanukia pasi. Pale naweka Buldoza. Huyo kijana jezi yake ukiiona utadhani imefukuliwa kaburini."

Mkewe alimtupia ile aproni mapajani. "Imechafuka?"

"Wewe tangu lini unachafuka?"

"Na leo nimepikia watu mia mbili. Msaidizi wangu mpya kapika sufuria moja tu, na ungemwona ungedhani kaogea mchuzi."

"Jikoni ni jikoni, mpira ni mpira."

"Haya, kocha," alisema mkewe, akachukua aproni yake. Neno hilo lilimkaa Povu kifuani kama mwiba wa samaki mpaka Jumamosi.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Povu alibandika karatasi ya majina ukutani mwa chumba cha kufulia, akasimama pembeni anajifanya kuhesabu taulo. Wachezaji walisoma wakatawanyika. Kimya alisoma mara mbili, akamfuata.

"Mzee, umenitoa?"

"Ndugu yangu, sikutoi mimi. Jezi yako ndiyo imekutoa. Naifua kwa kuionea huruma."

Mwingine angetukana. Kimya alijikuna kidevu. "Sawa. Ila mwambie Buldoza winga wa wapinzani, namba saba, anapenda mtu aje ili ampite. Asiende. Asimame tu, amngoje."

"Nitamwambia," alisema Povu.

Hakumwambia. Si kwa ubaya. Buldoza alikuwa anafunga viatu kwa hasira nzuri sana, na Povu akaona mtu wa namna hiyo ukimwambia asimame ni kama kumwagia moto maji.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili aliona mechi yenye vichwa. Ilimtisha. Kutoka dirishani miguu ilikuja, ikapita, kwisha. Kutoka benchi kulikuwa na uwanja mzima, watu ishirini na wawili wanahama wote kwa pamoja, na yeye hakujua atazame wapi. Akatazama alichokizoea, matope. Na hapo moyo ukatulia kidogo, maana Buldoza alikuwa haonekani rangi ya jezi. Alijitupa kulia, akajitupa kushoto, jukwaa linampigia makofi, anainuka, anajitupa tena. Mapumziko yalifika hakuna bao. Sare. Sare inatosha.

"Mnaona?" aliwaambia kwenye chumba cha kubadilishia, sauti imekauka. "Endeleeni hivyohivyo." Walimtazama, wanasubiri, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari asome karatasi. Akagawa maji.

Dakika ya sitini simu ikaita. Tajiri alikuwa amekaa hatua arobaini nyuma yake, angeweza hata kupiga mluzi.

"Mbona hatushambulii? Nina wageni hapa. Toa yule kiungo mfupi, ongeza mshambuliaji."

"Bosi, sare inatutosha."

"Wageni hawakuja kuangalia sare."

Povu alijua hilo ni kosa. Hakuhitaji cheti kujua. Yule mfupi ndiye aliyekuwa anaziba katikati, na jezi yake ilikuwa na matope ya haki. Lakini alifikiria geti, akafikiria ada za shule, akaomba kibao cha namba kinyanyuliwe. Mfupi alitoka akimtazama usoni, akapita.

Katikati pakabaki wazi kama mlango wa choo cha umma. Winga wao namba saba sasa alikuwa anakuja na mpira mguuni, anamtazama Buldoza, anangoja. Buldoza anakwenda, anajitupa, anapita kwenye tope kama sabuni sakafuni, na winga anamruka. Mara ya kwanza kipa aliokoa. Mara ya pili mwamba wa goli uliokoa. Povu alikuwa amesimama, kofia mkononi anaikamua kana kwamba ina maji. Ndipo alipoona kitu ambacho dirishani hakionekani. Kila tope kwenye jezi ya Buldoza ni mahali alipochelewa kufika.

"Kimya," alisema. "Vua jaketi."

Kabla jaketi halijavuka mikono, namba saba alikuja mara ya tatu. Buldoza akaenda. Bao.

Mvua ikasikika kwenye mabati ya jukwaa.

Kimya aliingia dakika ya sabini na nne. Hakukimbia kwenda popote. Winga alikuja, akangoja mtu aje, hakuja mtu. Kimya alisimama tu, nusu hatua ndani, akizungumza kwa mkono na wenzake, wewe huku, wewe pale. Winga akapiga pasi ya nyuma. Akaja tena, akarudi tena. Dakika kumi na sita hawakupata hata kona. Povu aliiangalia ile namba tano mgongoni mwa Kimya, nyeupe kama shuka la hospitali.

Dakika ya themanini na nane Kimya aliunasa mpira bila kugusana na mtu, akampa pasi ndefu Mkwe. Mkwe na kipa, wawili tu. Povu alifumba macho. Aliyafumbua kwa kusikia jukwaa zima likitoa pumzi kama tairi. Mpira ulikuwa barabarani, unafuatwa na mbwa.

Refa akamaliza.

Baada ya nusu saa Povu alikuwa chini, kwenye chumba chake, anapokea jezi mlangoni kama kawaida, maana hakujua kingine cha kufanya. Mlinzi wa geti alishuka kumwambia Tajiri ameagiza funguo zote ziletwe Jumatatu, na kwamba malori yataanza kuingia wiki hiyohiyo.

"Pole, mzee," alisema mlinzi. "Lakini kosa si lako. Tajiri kakuharibia, wote tumemwona na simu yake."

"Nani asiyejua," alisema Povu, na mdomo ukarudi kazini wenyewe, umezoea. "Simu ile. Na mkwe wake anayepiga mpira ukafuatwa na mbwa. Na yule wa tumbo, wiki nane anafundisha watu kupanda ngazi, ungedhani wanakwenda kucheza ghorofani. Timu unaiharibu misimu miwili, halafu unampa mfua nguo siku mbili aifufue."

Mlinzi akacheka kidogo, akaondoka na funguo ya stoo.

Povu akarudi kwenye mabeseni. Jezi ya Buldoza aliiloweka ya kwanza, maji ya beseni la bluu yakageuka kahawia hapohapo. Akachukua namba tano. Aliigeuza mbele, nyuma, akakagua viwiko. Hapakuwa na cha kuloweka.

Kimya aliingia kuchukua viatu vyake, ameshavaa nguo za nyumbani, begi begani. Alimkuta ameishika jezi yake hewani, haijaingia beseni lolote.

"Hujaifua, mzee?"

Mengine yote aliyomwambia mlinzi yalikuwa kweli, na Povu aliyajua ni kweli. Simu, mkwe, ngazi, siku mbili. Lakini ile karatasi ya asubuhi ilikuwa bado ukutani, na mwandiko ulikuwa wake.

"Wewe nilikutoa mimi," alisema Povu. "Hakuna aliyenipigia simu. Nilikosea."