Kifaranga Kiganjani

Leo sokoni Busia nimeinamia boksi la vifaranga, na ile harufu ya manyoya yenye joto ikanirudisha uani kwetu Kirewa.

Mjomba alikuwa akipiga gita la besi katika bendi ya dansi. Aliponipakatisha gita lake, nilikaba shingo ya gita kama mpini wa jembe. Nyuzi zikakwaruza.

"Hapa hatulimi, mwanangu," alisema, akanitilia kifaranga kiganjani, nyuma ya ile shingo. "Bonyeza kwa ncha za vidole. Huyu mwachie nafasi."

Nikapiga noti moja nzito. Kifaranga akasinzia.

Gita aliondoka nalo. Kifaranga akaniachia. Nikawa nafanya mazoezi kwenye mpini wa jembe, nikimngoja Mjomba, mpaka kifaranga akawa haenei tena kiganjani.