Jinsi Nilivyouza Mechi ya Nyakoe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini timu ya Nyakoe ilifungwa na Ekerenyo mara tatu mfululizo, na mara zote tatu wanaume wa soko letu walitoka uwanjani wakiwa na hakika ya jambo moja: mabeki wa Ekerenyo walikuwa wakijua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. Hapo sitabishana nao. Winga wetu akikimbia na mpira, hata hajainua mguu, beki wao alikuwa ameshasimama pale pasi itakapoangukia, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri basi.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Jirani yetu ilikuwa hoteli ya chai, na dirisha lake halikuwa na kioo, kwa hiyo nilishona nikisikia kila upuuzi uliosemwa mle ndani. Ulisemwa mwingi. Mwenyekiti wa mashabiki alikuwa karani wa chama cha ushirika, aliyepewa cheo hicho kwa sababu alitembea na kalamu mbili mfukoni. Mpinzani wake mkubwa alikuwa mwenye bucha, mtu mnene aliyewahi kuwa golikipa shuleni na hakutuacha tusahau. Walizungumza Kiswahili, maana mwenye duka letu, yule Mhindi, naye alipenda kuingia na kikombe chake kusikiliza.

"Hii watu iko na dawa," mwenye bucha alisema baada ya kipigo cha tatu. "Nimeona beki yao moja inatema mate mara mbili kabla ya kona. Mara mbili! Ya nini?"

"Wewe umetema tatu tangu uingie hapa," karani akamjibu. "Hiyo si dawa. Wale wamesoma sisi."

"Wamesoma sisi wapi? Sisi tuko kwa gazeti?"

Walijadili hivyo wiki nzima. Siku moja kosa lilikuwa la refa. Siku ya pili likawa la mteremko wa uwanja wa Ekerenyo, mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba mechi mbili kati ya tatu tulifungiwa hapa hapa kwetu. Halafu karani akasikia kwamba kule wanakula ndizi mbivu kabla ya kucheza, na kwamba ndizi husafisha macho. Wakawalisha mafowadi wetu ndizi kabla ya mazoezi. Matokeo yake ni kwamba mmoja aliomba ruhusa ya kutoka uwanjani na hakurudi siku hiyo.

Mwishowe wakafika walikokuwa wakielekea tangu mwanzo: kwa mwanamke.

Mwanamke mwenyewe ni mimi. Nilizaliwa Ekerenyo. Mume wangu alikuwa winga wa kulia wa Nyakoe, na beki wa kushoto wa Ekerenyo, yule aliyemsubiri mikono kiunoni, ni kaka yangu wa tumbo moja. Sisi Abagusii, yaani Wakisii, hatuoani ndani ya ukoo, kwa hiyo kila mwanaume aliyekaa mle hotelini alikuwa na mke kutoka kwa watu wengine na dada aliyeolewa na watu wengine. Kwa hoja yao, wake wote wa Nyakoe walikuwa majasusi, pamoja na mama zao wenyewe. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na kaka uwanjani, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwetu kila mwezi. Karani akatoa kalamu, ile ya kwanza, akaandika azimio.

Hawakuniletea mimi. Walimpa mume wangu, naye akanieleza akiwa anaangalia mafiga badala ya kuniangalia mimi.

"Wamesema usiende kwenu kwanza. Mpaka mechi ya nne ipite."

Kama ingekuwa mwaka mwingine ningecheka. Lakini nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza wiki sita zilizopita, na macho ya mama yangu yalikuwa yakizimika. Hospitalini walimwambia jicho moja limekwisha na la pili liko njiani. Alikuwa ametuma neno kupitia mwanamke mmoja aliyeuza mboga katika masoko yote mawili: mlete nimwone sura, ningali naona sura. Mechi ilikuwa iwe baada ya majuma mawili. Nikajipa moyo kwamba majuma mawili si mengi.

Mtauliza mbona sikuenda tu. Hata mimi najiuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nakaa kwa mama mkwe aliyekuwa shabiki kuliko wanaume, na niliogopa kuitwa mke asiyesikia. Huo ndio ukweli, na hauniletei sifa.

Kisha mvua ikaingia na uwanja ukawa shamba la matope. Mechi ikasogezwa. Ilipokauka, kukawa na msiba mkubwa Ekerenyo. Ikasogezwa tena. Baadaye refa akaugua. Mwanamke wa mboga akaja tena: mama sasa anamtambua mtu kwa sauti kwanza, halafu kwa sura. Nililia juu ya kitambaa cha sare ya shule, na mwenye duka akaona, akajifanya anahesabu vifungo.

Siku moja mchana, baada ya kanisa, mume wangu alikuwa anakula na kunisimulia upya mechi ya tatu, jinsi alivyompa mpira baba mdogo na Ekerenyo wakaunyakua.

"Lakini ulisema alikuwa amezingirwa na watu wawili," nikasema.

"Ndiyo."

"Na upande wa kushoto?"

"Kushoto alikuwako mtu, peke yake kabisa."

"Sasa kwa nini hukumpa yeye?"

Akaacha kutafuna. "Ningempita baba mdogo vipi?"

Hapo nikaelewa kila kitu, nikaweka sahani chini.

Huyu baba mdogo alikuwa fowadi wa kati. Alikuwa kitindamimba wa babu yao, mtoto wa mke wa mwisho, na umri wake ulikuwa miaka kumi na tisa. Mume wangu alimzidi kwa miaka sita, lakini kwa ukoo kijana huyo ndiye aliyekuwa baba yake. Kwetu baba ni baba, hata awe hajaota ndevu. Kati ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana kuna chinsoni, zile sheria za haya na heshima: humtanii, humgusi ovyo, huvui nguo mbele yake. Mimi mwenyewe, nikikutana na mtoto yule njiani na mzigo wangu wa kuni kichwani, nilimpisha na kuinamisha uso.

Timu yetu ilikuwa imejaa mambo hayo. Ilikuwa na watu wa nyumba mbili tatu za ukoo mmoja, baba na wana wamechanganywa. Kwa kuwa hawakuweza kuvua nguo pamoja, wengine walibadilishia nyuma ya kinu cha posho na wengine ndani ya mahindi. Wakatokea uwanjani kwa njia mbili, akina baba huku na wana kule, mbele ya mabeki wanne wa Ekerenyo walioketi kwenye nyasi wakitazama. Wale wanne walikuwa rika moja, binamu watupu, walioweza kutukanana mchana kutwa bila kumkosea mtu. Na nao ni Abagusii. Walihitaji jasusi wa nini? Mwana akipata mpira, atampelekea baba. Beki alichohitaji ni kwenda kusimama kwa baba.

Nilitaka kupiga mbio hadi hotelini. Lakini baba mdogo alikuwa akinywa chai pale kila siku, na mke wa mwanawe hawezi kusimama mbele yake akaanza kuzungumzia miguu yake. Ningekuwa nimevunja sheria ile ile niliyotaka kuieleza. Nikafikiri siku tatu nzima, halafu nikamweleza mwenye duka, mtu pekee pale sokoni ambaye hakuwa baba wa mtu wala mwana wa mtu. Akanisikiliza, akachukua kikombe chake, akaingia hotelini. Mimi nikasimamisha cherehani.

"Mimi naona shida iko moja tu," nikamsikia, kwa Kiswahili chake cha dukani. "Winga nampa mpira baba yake kila saa. Ekerenyo najua hiyo. Naenda kungoja kwa baba."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Nani amekuambia?" karani akauliza.

"Macho yangu."

Mungu amrehemu, alinificha vizuri.

"Sasa unataka mtoto aruke baba yake?" mwenye bucha akasema.

"Kwa mpira tu, bwana."

"Leo kwa mpira. Kesho atamruka kwa nini? Afadhali sisi tufungwe kumi!"

Wakampigia makofi. Nawaambia wakampigia makofi, watu waliokuwa wamenizuia nisimwone mama yangu kwa sababu ya kufungwa mara tatu. Hata hivyo nilifurahi. Nilijua sasa watanifungulia, maana sababu imejulikana na si mimi. Nikaanza hata kukunja nguo za mtoto.

Kisha karani akakohoa. "Tuseme ni hivyo. Ni nani basi aliambia Ekerenyo nani ni baba ya nani?"

Nikaona kupitia dirishani vichwa vyote vikigeukia baraza.

Jioni ile nilimwambia mume wangu neno moja tu. Ukipata mpira, peleka kushoto. Baba mdogo atakasirika, tutapeleka mbuzi wa kumwomba radhi, yataisha. Lakini wataona kwamba ni ninyi wenyewe, si mimi. Akanitazama, safari hii usoni, akaniahidi. Alikuwa mume mwema, na nilimwamini.

Mechi ikachezwa hatimaye, kwetu Nyakoe, mwezi wa tatu tangu azimio. Nilisimama karibu na mstari, mtoto mgongoni, na wanawake wa soko wamesimama mbali nami kidogo, kana kwamba usaliti unaambukiza. Ilikuwa sare ya bao moja moja mpaka dakika za mwisho. Mume wangu akapata mpira. Akampita mtu mmoja. Kushoto, yule kijana mwingine alikuwa peke yake kabisa, anapunga mikono yote miwili. Katikati, baba mdogo amebanwa na mabeki wawili. Hakuita mpira. Alimtazama tu mwanawe.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Peleka kushoto!"

Mume wangu akampa baba mdogo.

Kaka yangu hakukimbia hata hatua mbili. Alinyoosha mguu, akauchukua, akaupiga mbele, na kabla mabeki wetu hawajamaliza kupishana kwa adabu, ulikuwa wavuni. Refa akapuliza kipenga.

"Mmesikia?" Ni sauti ya mwenye bucha. "Mmesikia yeye? Anawaambia Ekerenyo kushoto! Mbele ya watu!"

Jambo la mpira kutokwenda kushoto halikumsumbua mtu yeyote. Karani alikuwa ameshatoa kalamu, nadhani ya pili. Mimi nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinama, akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Sikumchukia kwa kufungwa. Nilimchukia kwa kuwa kati ya haya yake mbele ya kijana wa miaka kumi na tisa na ahadi aliyonipa mimi, hakuhitaji hata kufikiri.

Asubuhi nikafunga mtoto mgongoni nikaenda, na hakuna aliyenizuia, maana mechi ya nne ilikuwa imepita na azimio ni azimio. Kaka yangu akanipokea Ekerenyo kwa furaha kubwa. Tukielekea nyumbani nikamuuliza waliwezaje kujua.

"Kujua nini?" akasema. "Tuliangalia tu nani ametoka kwa mahindi na nani kwa kinu. Nilifikiri mnajua."

Mama alikuwa ameketi nje juani. Aligeuza kichwa niliposalimia, akatabasamu upande ambao sikuwako. Nikamwekea mtoto mapajani. Akampapasa paji la uso, pua, masikio, akarudi puani, polepole, na mtoto akatulia kabisa. Akaniuliza rangi yake. Akaniuliza kama ana kidoti popote. Nikamjibu yote.

"Wiki mbili zilizopita bado niliona kidogo," akasema. "Niliona mikono yangu. Nikawa nawaambia, ngojeni, leo atakuja. Ni nini kilichokuzuia, mwanangu? Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi nini?"

"Mpira," nikasema.

Alicheka kidogo, akidhani namtania, akangoja nimwambie sababu yenyewe.