Kisu Kilichosingiziwa

Kisu cha bei ile lazima kiwe na ugonjwa, ndivyo nilivyojiambia. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Napika chakula kando ya barabara kuu pale Mikumi, nawalisha madereva wa malori na watu wa safari, na kazi hiyo imenifundisha kugeuza kitu juu chini kabla sijatoa hela. Nimewahi kuuziwa mchele wenye mawe. Nimewahi kuuziwa tochi isiyo na kitu ndani. Kwa hiyo kijana mmoja machinga aliposimama mbele ya jiko langu na ubao wake wa visu vya kukunja, vyote vinang'aa, vyote vimetoka nje ya nchi, nilimkagua yeye kwanza kabla ya visu.

Shida ya kisu nilikuwa nayo kweli. Mama yangu anakaa Zombo, kwenye njia ya kwenda Kilosa, katika nyumba aliyoiacha baba. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu kusema kisu chake kimepotea. Kisu hicho nakijua tangu nikiwa mdogo: cha kukunja, mpini wa pembe, bapa limenolewa mpaka limekuwa jembamba kama jani la kitunguu. Baba alimnunulia enzi hizo akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikaa nacho kiunoni, kwenye pindo la khanga, siku zote. Alimenyea machungwa, alikatia bamia, na zaidi ya yote alichania ukindu wa mikeka yake.

Na mkeka ndio ulionitia wasiwasi. Kwetu binti akiolewa, mkeka wa kwanza wa nyumba yake husukwa na bibi yake. Haununuliwi. Binti yangu alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na mama alishaanza kusuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, akauviringa, akautundika ukutani, halafu kazi ikasimama. Kila nikimuuliza ananiambia hana kisu, sasa atachanaje ukindu. Nikamwambia atumie kisu cha jikoni. Akanijibu kwamba kisu cha jikoni ni cha jikoni.

Nikamshuku wifi yangu. Kaka yuko Dar es Salaam kikazi, na mke wake ndiye anayekaa na mama. Ni mwanamke mkimya, na mimi mtu mkimya ananipa shida, maana unajuaje anawaza nini? Kitu kidogo, kizuri, kinachokaa kiunoni kwa mzee, kinapoteaje chenyewe tu? Nilimpigia simu nikamuuliza, na sikumuuliza kwa upole. Akasema hajui. Hiyo "sijui" yake niliitafuna siku nzima. Mpaka jioni nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kakiuza.

Basi, turudi kwa kijana na ubao wake. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na hapo hapo nikaanza kumhoji. Kisu nilichokitolea macho kilikuwa cha muundo wa zamani: mpini wa mti uliopakwa vanishi, pini za shaba, bapa moja lenye ule mfereji mdogo wa kutia ukucha ukitaka kulifungua. Bei yake haikufika sahani mbili za wali nyama. Sasa chuma, mti, shaba, nauli ya meli, faida ya tajiri wa Kariakoo, faida ya kijana mwenyewe, vyote hivyo vimeingiaje kwenye bei hiyo? Tena bapa lilikuwa limegongwa mhuri wa nchi ya Ulaya ambayo nina hakika kisu chenyewe hakijawahi kuiona. Nikamwambia hiki feki. Akacheka, akasema hata feki inakata, mama.

Jibu lile lilinikera kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake. Nikakifungua mwenyewe. Springi ilikuwa ngumu, ikanivunja ukucha, na hilo nikalihesabu kuwa kosa la kisu. Nikakitikisa nisikie kama bapa linacheza. Halikucheza. Nikachukua nyanya iliyoiva kupita kiasi, zile zinazopondeka chini ya kisu butu, nikaikata vipande vyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Nikakata kamba ya katani. Nikakata nyama ya mbuzi yenye mishipa. Kisu kikakata vyote, na kila kilipokata nilizidi kukishuku, maana changa la macho ndivyo lilivyo, linakuwa zuri siku ya kununua. Madereva waliokuwa wanakula wakaanza kunitania, wakaniuliza kama nanunua kisu au namchunguza mchumba. Nikalipa, shingo upande. Kijana akalizungushia bapa kikaratasi cha mafuta kilichokuja na kisu, ambacho sasa kilikuwa na doa la nyanya yangu, akakikunja kisu.

Kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzio anaokota, msije mkagombana. Kwa hiyo nilipofika Zombo nilikiweka juu ya jamvi mbele ya mama. Hakukiokota mara moja. Alikitazama, akaniuliza habari za njiani, akaniuliza bodaboda walivyonitoza, halafu akakivuta kwa kiganja na kukifunika na khanga. Nikaona hajakipenda. Nikamwambia kikimsumbua anipigie, nitakirudisha kwa aliyeniuzia na atanitambua.

Wakati wa kuaga nikamwambia na yale ninayomwambia kila nikienda: kwamba siku akishindwa kujifanyia mambo yake mwenyewe, siombi ruhusa ya mtu, nambeba naenda kukaa naye Mikumi. Chumba kipo, kitanda kipo. Aliitikia "haya" kama anavyoitikia siku zote. Mimi niliamini kabisa kwamba hayo ni maneno ya mapenzi.

Wiki haikuisha akapiga simu. Alisema kisu changu hakikati.

Nilimsaka yule kijana barabara nzima. Nikamkuta karibu na stendi, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia bati na mhuri. Hakubishana. Alisema nikilete, akikuta hakikati atanibadilishia au atanirudishia hela yangu. Upole wake nao nikaushuku. Kesho yake nikafunga jiko, nikaenda Zombo na hasira zangu zote.

Mama alikuwa amekaa barazani, kisu kiko kando yake kimekunjwa. Nikamwamkia, nikakiokota, nikamwambia nakwenda kukijaribu. Nikazunguka nacho nyuma, jikoni, nikatia ukucha kwenye ule mfereji, nikakifungua.

Kikaratasi cha mafuta kilikuwa bado kimelizunguka bapa. Doa la nyanya yangu lilikuwa palepale.

Kisu kilikuwa hakijafunguliwa tangu Mikumi. Sasa mtu anajuaje kwamba kisu hakikati kama hajakifungua? Damu ikanipanda. Nikasema hapa pana mkono wa wifi: amekificha, amemjaza mama maneno, ili nichoke kufuatilia habari ya kile cha zamani. Naye alikuwa palepale jikoni, anachambua mboga. Nikamwonyesha kile kikaratasi, nikamwambia leo hatoki mtu hapa mpaka aniambie kisu cha mama kiko wapi.

Alifuta mikono kwenye khanga, akaingiza mkono mpaka kwapani kwenye debe la mahindi, akatoa kifurushi cha kitambaa, akakiweka chini mbele yangu. Nikakifungua. Kilikuwa kile kisu cha mpini wa pembe.

Akaniambia kwa sauti ya chini ili isifike barazani.

"Ameniapisha, wifi. Kidole gumba hakina nguvu tena. Hiki cha zamani kilimponyoka kikajifunga na kumbana kidole, ndipo akaniambia nikifiche, tuseme kimepotea. Anaogopa ukijua utamchukua."

Nikamuuliza kuhusu mkeka. Akasogeza mlango. Nyuma yake palikuwa na bunda la ukili kubwa kuliko lile la ukutani, laini, limesukwa sawasawa. Alikuwa anasuka yeye akitoka shamba, mama amekaa kando anamwelekeza, na nikipiga simu wanaficha. Kwa hiyo mkeka wa binti yangu ulikuwa unakwenda vizuri kabisa, na mtu niliyemwita mwizi moyoni mwangu ndiye aliyekuwa anausuka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia anisamehe, akasema maji yamechemka, nimpishe aipue sufuria.

Nikachungulia barazani kupitia upenyo wa mlango. Mama alikuwa ameulaza mkono wa kulia mapajani, na kwa mkono wa kushoto anakikanda kile kidole gumba, anakikunja, anakinyoosha, anakikunja tena. Nilikuwa nimekagua springi, nimekagua bapa, nimekagua kijana wa watu na wifi yangu. Mkono ule wa mama sikuwahi kuutupia jicho. Niliumia sana, nikasimama pale mpaka machozi yalipokauka.

Kisha nikalizungushia bapa kikaratasi chake, nikakikunja kisu, nikatoka nacho. Aliponiona akauingiza mkono chini ya khanga. Nikakaa kando yake juu ya jamvi.

"Mama," nikamwambia, "yule kijana amenipiga. Kisu chenyewe feki."

Alinitazama muda mrefu. Haya macho ya kushuku nimeyarithi kwake, na pale alikuwa ananikagua nayo kama mimi nilivyokagua kile kisu. Nikayavumilia, sikuangalia pembeni.

"Si nilikwambia," akasema.

Nikamwambia kutafuta kingine ni kujisumbua bure, vya siku hizi vyote ndivyo vilivyo. Wifi achane ukindu kwa kisu cha jikoni, na yeye amsimamie, kwa sababu nani mwingine kwenye nyumba hii anaujua mkeka? Akasema ataona. Tukala, tukaongea habari za mvua na za harusi. Habari za Mikumi sikuzigusa, wala za kitanda. Nilipoaga bila yale maneno yangu ya kila siku, niliona mabega yake yakishuka taratibu.

Nilikuwa nimeshatia kisu kwenye mkoba na kumpungia bodaboda mkono, mama aliponiita nirudi.

"Usimgombeze huyo kijana," akasema. "Mtoto wa watu, anatafuta riziki."

Nikamwahidi sitamgombeza.