Mama wa Kalunguta na meli yangu

Bandugu, Butembo yote hakuna mutu wa bahati kama mimi.

Nilikuwa mupishi ku meli ya batalii. Kila bandari nashuka, natembea na miguu: Mombasa, Zanzibar, Durban. Viatu ziliisha.

Ndivyo nilikuwa nahadisia leo kwa kinyozi, hapa mutaa wa Mususa. Batu banacheka.

Mama moja mwenye alikimbia vita kule Kalunguta akanisogelea na binti yake.

“Papa, ulifika Mombasa? Mutoto wangu Kambale alikimbilia kule, ku bandari. Hatumusikie tena. Kesho tunaanza matanga yake.”

Mais lakini, kila nyumba ya Banande, kabila yetu hapa, iko na Kambale. Kinywa ikanitangulia.

“Kambale ule murefu? Tulikula naye samaki. Anakusalimia.”

Mama akapiga magoti juu ya nywele zenye zilikatwa, akaimba. Kisha akamwambia binti yake:

“Kimbia nyumbani, baambie baache kulia. Matanga hapana tena.”

Batu bakanipigia makofi. Mimi niko najificha nyuma ya choo, nabaandikia hii ku simu.

Munitukane hapa chini, sawa. Mais nani atanisindikiza kwa ule mama, sasa hivi?

Meli sikupanda. Bahari sijaiona. Kambale wake simujue.