Theluthi Iliyoachwa Kavu

Watu wakiniuliza kwa nini sikwenda Dar es Salaam kucheza, huwa nabadilisha mazungumzo. Leo nitasema, maana nimechoka kulimeza jambo lenyewe.

Miaka ile ya foleni za sabuni nilikuwa mfagiaji wa klabu moja ya familia za Kihindi pale Moshi mjini. Klabu ilikuwa na njia ya boling: mbao ndefu zilizolazwa sakafuni, pini kumi zimesimama mwishoni, na mifereji miwili pembeni ya kumezea tufe la mtu asiyejua kutupa. Mimi nilifagia, nikapanga pini kwa mikono, nikapaka mbao mafuta. Jumatatu klabu ikifungwa, nilicheza peke yangu.

Sasa sikiliza habari ya mafuta, bila hiyo hutaelewa kilichoniuma. Njia haipakwi yote. Unapaka theluthi mbili za mwanzo, ile ya mwisho kwenye pini unaiacha kavu. Tufe ukilitupa kwa kulizungusha mkononi, kwenye mafuta linateleza tu, limenyooka, mtu asiyejua atadhani umekosea. Likifika pakavu linashika mbao, linakata kona kushoto, linaingia ubavuni mwa pini ya mbele na kuzibomoa zote. Mafuta yakizidi, halikati. Yakipungua, linakata mapema na kwenda kufia mferejini. Nilijifunza hayo miaka mitatu, kwa vikopo vya mafuta mepesi ya mashine nilivyokuwa nabana kama dawa.

Nahodha wa klabu alikuwa Singasinga mmoja mwenye karakana ya matrekta. Yeye alitupa tufe moja kwa moja, kwa nguvu, bila madoido. Siku moja alinikuta nacheza. Nikadhani kazi imeota nyasi. Akatazama matufe matano, akasema, "Klabu inapeleka mchezaji mmoja Dar kwenye mashindano. Nishinde Jumamosi, utakwenda wewe."

Mimi! Mfagiaji! Nipande basi kama mchezaji, nimevaa shati lenye jina la klabu mgongoni. Sikulala vizuri wiki nzima.

Kosa langu nililifanya hapo. Nilipanda Uru, kijijini kwetu mlimani, nikamwambia mama aje kunitazama. Mama hakuwahi kufika kazini kwangu. Nilimwambia tu kwamba sakafu ile naipaka mafuta mwenyewe, kwamba wakubwa watakuja, na kwamba nikishinda naenda Dar. Kuhusu ile theluthi sikumwambia kitu. Nani humweleza mama yake mambo ya theluthi?

Jumamosi nilipaka mafuta mapema, kwa kipimo, nikaacha kopo pembeni, nikaenda chumbani kwangu kuoga. Niliporudi ukumbi umejaa, mama ameketi benchi la mbele na kitenge chake kipya, kapu la kiburu, zile ndizi zetu za kupika na maharage, miguuni, anatabasamu peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa."

Nikatupa tufe la kwanza. Nikalielekeza kulia, ukingoni kabisa, kama siku zote, nikingoja likate. Halikukata. Likateleza vilevile mpaka mfereji wa kulia, pini zote kumi zikabaki zimesimama zinanitazama. La pili, hivyohivyo. Watu wakaanza kukohoa. Nikakimbia mpaka mwisho wa njia, nikapiga goti, nikashika mbao. Mafuta! Mpaka chini ya pini! Kopo zima!

"Nani ameshika hii sakafu?"

Mama akainuka, mpole, mwenye furaha hata. "Ni mimi. Nilikuta umeishia katikati. Nikasema wakubwa wasije wakasema mwanangu ni mvivu, nikakumalizia."

Haki ya Mungu, nilimfokea. Mbele ya wake za watu, mbele ya nahodha, nilimfokea mama yangu mzazi. "Nani alikutuma? Umeniharibia! Ungekaa huko huko migombani kwako!" Mama akajifunga kitenge vizuri, akaacha kapu, akatoka.

Tukaendelea. Mafuta ya taa ya kuoshea njia hayakuwepo mji mzima. Nahodha yeye hakujali mafuta, tufe lake lilinyooka tu, pakavu au pabichi. Mimi nikajaribu kunyoosha kama yeye, mkono ukakataa, umezoea kuzungusha. Akanishinda kwa pini kumi na tisa. Akanipa mkono, akasema pole, na wiki iliyofuata akaenda Dar.

Mafuta nilikuja kuyaondoa Jumapili, kwa magadi na maji ya moto, kwa magoti. Nikiwa nasugua na kulaani nikaona alivyofanya kazi. Pembe zote zimefikiwa. Kila upenyo wa mbao umefutwa, hakuna tone lililotuama. Mwanamke mwenye magoti mabovu, ambaye kutoka jikoni mpaka zizini hupumzika mara mbili. Nikakaa chini pale pale nikalia kwa hasira, sijui namkasirikia nani.

Jumapili ya pili nilikata jani la isale nikapanda nalo Uru. Kwetu ukimkosea mtu ukamletea isale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka ukutani.

"Yamekwisha," akasema. Kisha, polepole, "Walikunyima Dar kwa ajili ya yale mafuta?"

Maneno yote yalikuwa mdomoni. Theluthi, kona, miaka mitatu, kopo zima. Nilitaka angalau mara moja aseme, "Nilikosea, mwanangu." Nikamtazama magotini.

"Hapana, mama. Mafuta hayakuwa na neno. Yule mzee alinizidi tu."

Akashusha pumzi, akanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi. Na tangu siku hiyo mpaka tunamzika, kila mgeni aliyekanyaga kihamba chetu cha migomba aliambiwa, na mimi nimekaa hapo hapo nasikia: "Huyu alishindwa mchezo, kweli, mkono wake ulikuwa bado. Lakini sakafu haikuwa na kasoro. Niliimalizia mwenyewe."